Manyoya ya mbwa (jenetiki)

Manyoya ya mbwa hutofautiana sana, ila jeni zinazohusika ni chache kuliko mtu angedhani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 katika jarida la Science ulionyesha kuwa jeni 3 zinaeleza sehemu kubwa ya tofauti hizo: FGF5 huamua urefu, RSPO2 huleta masharubu na nyusi nene, KRT71 huyapinda manyoya.

Mbwa wa vijiji vya Maniema nchini Kongo, wale wanaozurura kando ya mto Lualaba hadi mji wa Kindu, kwa kawaida wana manyoya mafupi yaliyolala. Ndiyo hali ya asili, nayo hutawala: manyoya marefu hutokea pale mtoto anaporithi badiliko la FGF5 kwa baba na mama pia.

Basenji, mbwa wa Kongo asiyebweka kama wengine, ana manyoya hayohayo. Kisa chake kipo kwenye rangi. Basenji wa Ulaya na Marekani walitokana na mbwa wachache, na milia ilikuwa haimo. Mwaka 1987 na 1988 wafugaji wa Marekani walisafiri hadi kaskazini mwa Zaire (Kongo ya leo) kutafuta damu mpya, wakarudi na mbwa wenye milia. Daftari la ukoo likafunguliwa kwa ajili yao mwaka 1990. Milia hutokana na jeni CBD103. Nakala moja yatosha, hivyo kwa mbwa mwekundu haijifichi.