Moto usiootwa: mkaa, gesi na baridi ya Mpanda

Nilikuwa kimya kwa sababu nilikwenda Mpanda kumsalimia shangazi, na anayeijua treni ya kutoka Tabora kupitia Kaliua hawezi kunilaumu kwa kuchelewa.

Nilibeba zawadi. Mtungi wa gesi wa kilo 6, na jiko lake lile la kukaa juu. Shangazi anauza mishkaki jioni kando ya barabara, na miaka yote nimemwona akipepea mkaa kwa kipande cha boksi huku macho yanamtoka machozi. Nikasema sasa basi, nimkomboe. Sisi watu wa Dar tukishamiliki mtungi tunajiona tumevuka mto, waliobaki ng'ambo shauri yao.

Ilikuwa Julai. Baridi ya Mpanda si ya Makete, maji hayagandi, lakini upepo wa jioni wa kipupwe unaingia mpaka kwenye mifupa. Tukatoa mtungi nje, tukaweka wavu, tukapanga mishkaki. Jamani! Moto ukawa unalala upande mmoja kama umechoka. Nyama ikapauka huku, ikaungua kule. Mafuta yakadondokea kwenye matundu ya jiko, moto ukazima mara mbili. Shangazi aliniangalia tu kwa huruma. Kisha akasema, "Baba, moto wako unapika, ila hauotwi."

Akawasha mkaa. Dakika chache baadaye vijana wa bodaboda walikuwa wamelizunguka jiko, mikono juu ya makaa kabla hata ya kutoa hela. Nusu ya wateja wake wa Julai huja kuota moto, mshkaki ndio kiingilio.

Niliporudi nikaanza kuchimba. Kwanza hilo la upepo. Upepo ule ule unaozima gesi ndio unaoamsha mkaa. Halafu gesi ya mtungi ni kimiminika ambacho lazima kichemke humo ndani ndipo kitoke kama hewa, na joto la kukichemsha kinalitoa kwenye bati la mtungi na hewa ya nje. Ndiyo maana mtungi hutoa jasho ukiupikia muda mrefu. Butani, mojawapo ya gesi mbili zilizomo, huchemka kwenye nyuzi sifuri hivi; propani huchemka hata kwenye 42 chini ya sifuri. Mpanda haifiki huko, kwa hiyo adui wetu jioni ile alikuwa upepo. Na ile harufu inayowaita watu kutoka mbali? Sehemu kubwa ni mafuta ya nyama yanayodondokea kwenye makaa na kurudi juu kama moshi.

Lakini swali lililoninyima usingizi ni jingine: mkaa ulifikaje kwenye jiko la shangazi? Tunauzungumzia kana kwamba ni ushamba tuliorithi kwa mababu. Mababu walipikia kuni juu ya mafiga matatu. Mkaa waliujua, ila ulikuwa na kazi nyingine. Jirani zetu Wafipa waliyeyushia chuma kwa mkaa, kwenye matanuri ya udongo marefu kuliko mtu. Ugali hauhitaji moto wa namna hiyo.

Hata misitu yenyewe ina historia ambayo haisemwi. Miaka ya 1920 na 1930 serikali ya Mwingereza iliwahamisha watu wengi wa magharibi ya Tanganyika na kuwakusanya kwenye makazi ya pamoja kwa sababu ya malale. Mashamba yaliyoachwa yakarudi kuwa miombo, mbung'o wakatamalaki. Sehemu ya pori tunaloliita la asili ilikuwa uwanja wa nyumba ya mtu.

Kisha ikaja risasi. Namaanisha madini, msikimbie. Kampuni ya Uruwira Minerals ilichimba risasi hapo Mpanda, na kwa ajili yake ikajengwa reli ya kilomita 210 hivi kutoka Kaliua, iliyofika mwaka 1950. Mji ukazaliwa: watu wa mshahara, vyumba vya kupanga, filimbi ya kazi. Kwa maoni yangu hapo ndipo mkaa ulipopata mwenyewe. Mtu anayeingia kazini alfajiri hana muda wa kwenda kuokota kuni, na kwenye chumba kimoja huwezi kuwasha gogo. Mgodi ulifungwa mwaka 1960. Treni ikabaki, mji ukabaki, na jiko likabaki.

Baada ya hapo pori lilianza kujaa watu tena. Katumba ilianzishwa kwa ajili ya wakimbizi waliokimbia mauaji ya Burundi ya 1972, Mishamo ikafuata mwaka 1978. Wakapewa msitu, wakaambiwa walime. Wafugaji nao wakaja na mifugo yao, na tumbaku ikataka kuni za kukaushia. Katavi ikawa mkoa mwaka 2012. Sensa ya mwaka huo ilihesabu watu 564,604. Ya 2022 ikahesabu 1,152,958. Mara mbili kwa miaka kumi! Wote hao wanapika, na tanuri la kienyeji la udongo linatoa kilo 10 hadi 20 tu za mkaa kwa kila kilo 100 za mti. Kwa hiyo hofu ya wanaotetea misitu si ya kubuni. Wilayani Tanganyika kuna vijiji vinavyolipwa fedha za hewa ya ukaa kwa kutunza misitu ya Ntakata.

Serikali nayo imejaribu. Mapema 2006 ilipiga marufuku mkaa nchi nzima, na katazo halikumaliza hata mwezi. Safari hii imekuja kwa mpango: mkakati wa nishati safi wa 2024 hadi 2034, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania. Taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 zilipewa mpaka Januari 2024 kuacha kuni na mkaa. Shule ina bajeti. Shangazi ana kopo. Mkaa anaununua kwa kopo, kwa hela ya jana. Gesi haiuzwi kwa kopo, na hii ya mtungi wala si ile ya Songo Songo, inakuja nchini kwa meli halafu inapanda lori zaidi ya kilomita elfu moja hadi Mpanda.

Msidhani nautetea mkaa. Nikiwa darasa la pili, Julai kama hiyo, mimi na dada yangu tuliingiza jiko chumbani ili tulale na joto, tukafunga dirisha. Shangazi huyu huyu ndiye aliyeuvunja mlango alfajiri. Nakumbuka nimelala kwenye umande natapika, na yeye anampiga dada makofi ya mashavu akiita jina lake. Hewa ile ya sumu haina rangi wala harufu. Dada aliamka. Mpaka leo hawezi kukaa chumba kilichofungwa dirisha, na shangazi hajawahi tena kuingiza jiko ndani, hata mvua inyeshe vipi.

Juzi kanipigia. Mtungi umeisha, chai ya asubuhi sasa hivi anapikia gesi na hataki kurudi nyuma, nimtumie hela ya kujaza. Nikamuuliza, na mishkaki je? Akacheka. Nyuma yake kuna mtu alikuwa anauliza kama imeiva, na boksi linapepea.

Nimetuma hela. Alamsiki.