Kutoka Alama hadi Mwendo: Hadubini ya Elektroni na Nyuzi za Sumaku ndani ya Supakondakta

1.0 Utangulizi

Mwaka 1911, katika maabara ya Heike Kamerlingh Onnes mjini Leiden, Uholanzi, ilibainika kwamba zebaki inapopozwa hadi takriban kelvini 4.2, yaani kiasi cha nyuzijoto 269 za Selsiasi chini ya sifuri, ukinzani wake wa umeme hutoweka. Maada zenye tabia hiyo huitwa supakondakta. Historia ya utafiti wake husimuliwa mara nyingi kana kwamba nadharia hutangulia, kisha chombo hufuata ili kuithibitisha. Makala haya yanaupima msimamo huo kwa kuangalia namna hadubini ya elektroni ilivyotumika kuchunguza nyuzi za sumaku. Hoja yake kuu ni kwamba hadubini haikuishia kuthibitisha. Iligeuza swali lenyewe, kutoka kuuliza iwapo nyuzi hizo zipo hadi kuuliza ni kitu gani huzizuia zisisogee.

2.0 Nadharia Iliyokawia Kukubalika

Mwaka 1933, Walther Meissner na Robert Ochsenfeld walionyesha kwamba supakondakta huutoa nje ugasumaku. Hata hivyo, katika muongo huohuo Lev Shubnikov na wenzake mjini Kharkiv waligundua kwamba katika aloi za risasi ugasumaku huanza kupenya hatua kwa hatua, ilhali ukinzani haurejei. Shubnikov aliuawa na dola ya Kisovieti mwaka 1937, na matokeo hayo yalikaa miaka mingi bila kupewa uzito yaliostahili.

Ufafanuzi ulitolewa na Alexei Abrikosov mwaka 1957. Kwa mujibu wa nadharia yake, ugasumaku huingia katika umbo la nyuzi nyembamba. Kila uzi huzungukwa na mkondo wa umeme na hubeba kiasi kilekile cha sumaku. Abrikosov mwenyewe alieleza baadaye kwamba alikuwa amelifikia wazo hilo mwaka 1953, lakini Lev Landau hakulikubali, naye akaliweka kando. Aidha, katika hesabu zake za awali alikadiria kwamba nyuzi hujipanga kwa umbo la mraba. Mwaka 1964, Kleiner, Roth na Autler walionyesha kwa hesabu kwamba mpangilio wa pembetatu ndio ulio imara zaidi. Mwaka huohuo, majaribio ya nyutroni yaliyofanyika Saclay, Ufaransa, kwa kutumia niobiamu yalitoa dalili za kuwapo kwa mpangilio. Dalili hizo, hata hivyo, zilitokana na wastani wa nyuzi nyingi kwa pamoja. Hakuna uzi mmoja uliokuwa umeonekana peke yake.

3.0 Picha za Stuttgart, 1967

Hadubini ya elektroni ilikuwa imebuniwa na Max Knoll na Ernst Ruska mjini Berlin mwaka 1931. Ugumu wa kuitumia katika suala hili ulikuwa wazi: uzi wa sumaku si kitu chenye umbo la kushikika, na hudumu katika baridi kali tu. Uwe Essmann na Hermann Träuble, mjini Stuttgart, waliukabili ugumu huo kwa njia ya kuzunguka. Walipoza ufito wa risasi iliyochanganywa na indiamu hadi kelvini 1.1, kisha wakageuza kobalti kuwa mvuke. Chembe za kobalti zilivutwa na sumaku na kutua pale ambapo nyuzi zilitokeza juu ya uso wa ufito. Baadaye chembe hizo zilibanduliwa kwa utando wa kaboni na kupelekwa chini ya hadubini.

Picha zilizopatikana zilionyesha madoa yaliyojipanga kwa pembetatu. Kwa hiyo ziliunga mkono wazo la Abrikosov kuhusu kuwapo kwa nyuzi, na papo hapo zikakubaliana na marekebisho ya umbo yaliyofanywa mwaka 1964. Lakini kilichoonekana kilikuwa kobalti, wala si uzi wenyewe. Picha hiyo ilikuwa mithili ya unyayo wa mnyama aliyekwisha kupita: ilionyesha mahali alipokuwa, isionyeshe mwendo wake.

4.0 Hadubini ya Mwendo, 1992–2001

Umuhimu wa mwendo unatokana na matumizi. Mkondo wa umeme unapopita ndani ya supakondakta ya aina hii, husukuma nyuzi za sumaku. Nyuzi zikisogea, nishati hupotea na ukinzani hurejea. Hivyo basi, waya wa niobiamu na titaniamu unaotumika katika sumaku za mashine za hospitali za kupiga picha za mwili hufaa kwa sababu kasoro zilizomo ndani yake huzikamata nyuzi. Kasoro, ambayo kwa kawaida mtengenezaji wa metali huikwepa, hapa inatafutwa kwa makusudi.

Ken Harada, Akira Tonomura na wenzao, katika kampuni ya Hitachi nchini Japani, walichapisha mwaka 1992 matokeo ya kuzitazama nyuzi zikiwa bado zipo. Walitumia hadubini ya volti 300,000 yenye chanzo cha elektroni kinachotoa mawimbi yanayokwenda kwa ulinganifu. Filamu nyembamba ya niobiamu iliwekwa kwa mshazari ili elektroni zinazopenya zipindwe kidogo na sumaku. Kila uzi ulionekana kama doa lenye nusu angavu na nusu yenye giza, na mienendo yake iliweza kurekodiwa. Mwaka 2001, kwa hadubini ya volti milioni 1, kundi la Tonomura lilionyesha nyuzi zilizonaswa katika kasoro zenye umbo la nguzo ndani ya supakondakta ya oksidi ya shaba, jamii ya maada iliyofunguliwa na ugunduzi wa Bednorz na Müller mwaka 1986.

5.0 Hitimisho

Mjadala huu unaonyesha kwamba mwaka 1967 picha ilijibu swali la nadharia, ilhali kuanzia mwaka 1992 iliwawezesha watafiti kufuatilia kwa macho jambo ambalo awali lilikisiwa kutokana na vipimo vya jumla: jinsi uzi mmoja unavyokamatwa na unavyoponyoka. Historia inayoishia kwenye uthibitisho wa Abrikosov, aliyetunukiwa Tuzo ya Nobeli mwaka 2003, huacha nje nusu hiyo ya pili, ambayo ndiyo inayogusa ufaafu wa supakondakta katika maisha ya watu. Mtafiti wa historia ya sayansi hana budi kuuliza, juu ya kila picha, ni kitu gani hasa kilichoonekana, katika hali gani, na ni swali lipi jipya lililozaliwa baada ya kuonekana kwake.