Daftari la Viboko na Daftari la Ushauri

Kanuni za nidhamu shuleni za mwaka 1972 zilikuwa wazi kuhusu kiboko. Mwenye ruhusa ya kuchapa alikuwa mwalimu mkuu. Uchunguzi ufanywe kwanza, shahidi awepo, na wanafunzi wengine wasitazame. Mvulana achapwe makalioni, msichana kiganjani, na viboko visizidi sita. Kisha kila adhabu iandikwe daftarini.

Sisi tuliosoma Kenya miaka ya 1980 na 1990 tunajua mambo yalivyokuwa. Tulichapwa na mwalimu wa zamu, tukachapwa na mwalimu wa hisabati, wakati mwingine tukachapwa na kiranja, mbele ya gwaride zima, na hakuna aliyehesabu. Shirika la Human Rights Watch lilipotoa ripoti kuhusu viboko katika shule za Kenya mwaka 1999, mengi yaliyomo mtoto yeyote wa darasa la nne angeweza kuyasimulia.

Mimi nafundisha Historia na Kiswahili katika shule ya bweni ya wavulana huku Pwani, na ndiye mwalimu mshauri. Ofisi yangu ilikuwa stoo ya vifaa vya michezo. Siku za mvua bado inanuka ngozi ya mipira. Kwa kuwa historia ndiyo kazi yangu, nimetaka kujua cheo hiki kilitoka wapi, na kwa nini wavulana wanakuja kwangu wakiwa na hofu.

Kumwelekeza kijana hakukuletwa na shule. Huku Pwani msichana alikuwa na kungwi wake au somo wake, mtu asiye mama yake, aliyemfunda mambo ambayo mama angeona haya kuyataja. Wavulana walikuwa na wazee wa jando. Huyo aliyekufunda hukumchagua, lakini ulijua ni wa kwako, na ukimkosea mtu mwingine si yeye aliyeitwa kukuadhibu. Shule za bweni ziliwatoa watoto kwa watu hao, zikawaweka mia moja katika chumba kimoja, na kwa muda mrefu hazikuweka mtu yeyote mahali pao.

Mwaka 1971 Wizara ya Elimu iliunda kitengo cha ushauri nasaha. Kazi yake kubwa wakati huo ilikuwa kuwasaidia vijana kuchagua masomo na ajira. Nchi changa ilihitaji wahandisi na makarani. Ripoti ya kamati ya Gachathi ya mwaka 1976 ilitaka kila shule iwe na mwalimu wa kushughulikia ushauri. Walimu hao waliteuliwa, wengi bila mafunzo, na wengi wakabaki jina kwenye orodha iliyobandikwa ofisini.

Kisha ukaja mlolongo wa maafa. Usiku wa tarehe 13 Julai 1991, wavulana wa shule ya mseto ya St. Kizito, Meru, walivamia bweni la wasichana waliokuwa wamekataa kujiunga na mgomo. Wasichana 19 walikufa, na zaidi ya 70 walibakwa. Machi 1998, moto uliua wasichana zaidi ya 20 katika shule ya Bombolulu, hapa hapa Pwani. Mwaka 1999 viranja wanne wa Nyeri High walifungiwa chumbani mwao wakiwa wamelala, wakamwagiwa petroli na kuchomwa. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Machi 2001, bweni la Kyanguli, Machakos, liliteketea na wavulana 67 ndani yake. Madirisha yalikuwa na vyuma na mlango mmoja ulikuwa umefungwa.

Baada ya Kyanguli serikali iliunda jopo kuhusu nidhamu na vurugu shuleni, likiongozwa na Naomi Wangai. Miongoni mwa mapendekezo yake mengi lilikuwa hili: huduma ya ushauri nasaha iimarishwe. Mwaka huohuo wa 2001 kanuni za viboko zilifutwa kwa Tangazo la Kisheria nambari 56, na Sheria ya Watoto ikapitishwa. Baadaye Katiba ya 2010 ikamlinda mtoto dhidi ya adhabu za kikatili, na kifungu cha 36 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kikakataza kumpiga mwanafunzi au kumtesa kiakili.

Nafikiri hapo ndipo kazi yangu ilipopewa umbo lake la sasa, na ndipo ilipoharibiwa pia. Kiboko na ushauri vilibadilishana zamu katika mwaka mmoja. Walimu waliouliza, kwa haki kabisa, "Sasa tutawadhibiti kwa nini?" walijibiwa: kwa ushauri. Ofisi ya mshauri ikarithi kiti cha mwenye kiboko.

Lugha yetu nayo inasaidia mkanganyiko huo. Adabu ni heshima na mwenendo mwema. Lakini kumtia mtu adabu ni kumwadhibu. Mchelea mwana kulia hulia yeye, husema wazazi wakija siku ya mkutano, na wanakusudia fimbo. Katika shule ninayofundisha, mwanafunzi aliyetoroka au kupigana huandikiwa kikaratasi na naibu wa mwalimu mkuu kinachosema "apewe ushauri." Kijana mmoja wa kidato cha pili aliniletea kikaratasi chake, akasimama mlangoni mikono ikiwa nyuma, akauliza, "Mwalimu, nimepewa siku ngapi?"

Hakuwa anafanya mzaha. Alidhani ushauri unahesabiwa kama viboko.

Wanaokuja bila kikaratasi ni wachache, na huja na kisingizio. Mmoja anataka kuuliza kuhusu chuo. Mwingine tumbo linamuuma na muuguzi hayupo. Ukimpa kiti na usimharakishe, jambo lenyewe linatoka: baba amepoteza kazi bandarini na karo haijalipwa, mama ameolewa tena, usiku hapati usingizi tangu azike kaka yake, mkubwa wa bwenini anamnyang'anya chakula. Mengi siwezi kuyatatua. Lakini karo naweza kuipigia simu, na mnyang'anyi naweza kumhamisha bweni bila kutangaza sababu.

Jambo la kwanza ninalomwambia kila mmoja ni mipaka ya siri. Akisema kuna mtu anayemdhulumu kimwili, au maisha ya mtu yako hatarini, siwezi kunyamaza. Waraka wa Tume ya Huduma za Walimu nambari 3 wa 2010 unamtaka mwalimu anayepata habari za dhuluma ya kingono dhidi ya mwanafunzi aripoti ndani ya saa 24. Kabla ya hapo mambo kama hayo yalimalizwa kwa mazungumzo na familia, na mwalimu mhusika akahamishiwa shule nyingine.

Mwaka mmoja, muhula wa pili, zikiwa zimebaki wiki mbili kabla ya mitihani ya mwigo, kijana wa kidato cha tatu alikuja kuuliza kuhusu masomo ya uhandisi. Nilipomjibu hakuondoka.

"Mwalimu, mtu akijua kitu na asiseme, naye ana makosa?"

Nikamrudia ile mipaka. Alifikiri, kisha akasema, "Wanasema ni Alhamisi." Petroli ilikuwa imetajwa. Likizo fupi ya katikati ya muhula ilikuwa imefutwa, maharagwe yalikuwa na dumuzi, na barua yao kwa uongozi haikujibiwa.

Nilikwenda kwa mwalimu mkuu jioni ile ile. Alitaka jina. Nilimpa siku, bweni na malalamiko. Jina la aliyesema sikumpa, kwa sababu alikuwa amekuja kuokoa watu na kesho yake angeitwa msaliti. Tulibishana. Mwishowe akasema, "Haya, mwalimu. Basi tukae nao."

Usiku ule milango ya bweni ilibaki wazi na walimu wanne tulilala shuleni. Asubuhi vipindi vilisimamishwa na wanafunzi wakaruhusiwa kusema, darasa kwa darasa, bila viranja kuandika majina. Ilichukua hadi saa sita. Likizo ilirudishwa, magunia ya maharagwe yakarudishwa kwa mwenye kuyauza. Msako haukupata petroli. Alhamisi ikaja ikapita.

Mwisho wa muhula nilijaza fomu ya idara. Wanafunzi walioshauriwa: idadi. Visa vya vurugu: hakuna. Siwezi kuthibitisha kwamba bweni lile lingeungua, na fomu haina nafasi ya jambo ambalo halikutokea.

Ndiyo maana historia ya kazi hii imeandikwa na kamati za uchunguzi. Mwaka 2008 vurugu zilisambaa katika mamia ya shule. Mwaka 2016 zaidi ya shule 100 zilichomwa. Septemba 2017 wasichana 10 walikufa Moi Girls, Nairobi. Kila mara tulisikia tena kwamba ushauri uimarishwe. Januari 2021, shule zilipofunguliwa baada ya kufungwa kwa sababu ya korona, Waziri George Magoha alizungumzia kurudisha kiboko. Septemba 2024 wavulana 21 waliungua Hillside Endarasha, Nyeri. Si kila moto huwashwa na mwanafunzi, na hakuna mshauri anayeweza kufungua dirisha lenye vyuma. Watoto huuawa pia na mabweni yaliyojaa kupita kiasi.

Mwaka 2014 Bunge lilipitisha sheria ya washauri na wanasaikolojia, inayotaka watu wa kazi hii wasomee na wasajiliwe. Shuleni kwetu mshauri bado ni mwalimu mwenye vipindi 24 kwa wiki, anayepokea vikaratasi kutoka kwa naibu. Muhula huu nimeomba mambo mawili kwa maandishi: vipindi vipunguzwe hadi 14, na vikaratasi vikome. Mwanafunzi aliyekosa aadhibiwe na mwenye jukumu la kuadhibu, kwa njia halali; kisha, akitaka, aje. La kwanza halijajibiwa. La pili limekubaliwa kwa majaribio hadi Agosti.

Wiki ya kwanza bila vikaratasi hakuja mtu yeyote. Wiki ya pili walikuja watatu.