Bahari ya Vipande Vitatu

Sisi watu wa ushairi tuna bahati ya neno "bahari". Maji makuu huitwa bahari, na aina ya utungo huitwa bahari vilevile. Maana hizo mbili zilinijia pamoja nilipoitafakari kazi ya John Akomfrah iitwayo Vertigo Sea, iliyooneshwa Venice mwaka 2015. Ni sanaa ya video ya dakika 48, inayooneshwa katika skrini tatu zilizopangwa sambamba. Macho huona nyangumi huku, mawimbi hapa, na kule mtu amesimama ufukweni, vyote kwa wakati mmoja. Darasani ningeuita ukawafi: ukwapi, utao na mwandamo, vipande vitatu vya mshororo mmoja.

Akomfrah alizaliwa Accra mwaka 1957, mwaka uleule Ghana ilipopata uhuru. Wazazi wake walishiriki harakati za ukombozi. Baada ya Nkrumah kupinduliwa mwaka 1966, mama aliwachukua watoto wakahamia Uingereza. Hivyo ndoto ya nchi kamilifu ilimvunjikia angali mtoto. (Wako wapendao kuiita ndoto ya aina hiyo Kusadikika. Mimi siafiki, kwa kuwa Kusadikika ya Shaaban Robert ilikuwa nchi ya dhuluma.) Mwaka 1982 yeye na wenzake waliunda Black Audio Film Collective. Kazi zao za mwanzo zilikuwa slaidi tu, zikisindikizwa na sauti ya kanda. Walichukua picha zilizopigwa na wengine, nyingi zikiwa za enzi ya ukoloni, wakazipanga upya hadi zikanena jambo ambalo wapigaji hawakulikusudia.

Ufundi huohuo ndio uliomo katika Vertigo Sea. Picha za viumbe wa baharini zilizohifadhiwa na BBC zimewekwa kando ya filamu za zamani za uwindaji wa nyangumi, na kando ya kumbukumbu za biashara ya watumwa. Humo imo habari ya merikebu Zong. Mwaka 1781 mabaharia wake waliwatosa mateka zaidi ya 130 wangali hai, kisha wenye merikebu wakadai fidia. Shauri lilipofika mahakamani lilikuwa la bima. La mauaji halikufunguliwa. Na nyangumi je? Katika karne ya 19 Svend Foyn wa Norway aliunda chusa chenye bomu, kinachofyatuliwa kwa mzinga, na uwindaji ukageuka kuwa kiwanda. Katika karne ya 20 waliuawa nyangumi karibu milioni 3, mafuta yao yakaishia katika sabuni na majarini.

Wapo watakaonung'unika: mtu alinganishwe na mnyama? Swali hili ni la haki, hasa kwetu tuliosoma jinsi mlinganisho huo ulivyotumika kuuhalalisha utumwa. Jibu nimeliona katika madaftari. Karani mmoja aliandika watu kuwa shehena. Mwingine aliandika nyangumi kuwa mapipa ya mafuta. Akomfrah ameyaweka maandishi ya makarani hao wawili mbele yetu, skrini kwa skrini. Vina vya utungo wake ni saa, viti na vigari vya watoto vilivyotelekezwa ufukweni, ambavyo hurudi tena na tena.

Mwaka 2017 alionesha Purple jijini London, safari hii kwa skrini sita. Migodi ya makaa ya mawe na viwanda vya Uingereza, vilivyoahidi maisha bora kwa wote, vimewekwa pamoja na barafu ya Greenland na Alaska. Mwenyewe alikulia karibu na mtambo wa umeme wa Battersea, uliochoma makaa hayo, akivuta moshi wa ahadi. Kwangu mimi skrini sita zinazidi uwezo wa jicho. Mtazamaji akishika utao, mwandamo umekwisha kumponyoka. Labda amekusudia hivyo. Mshororo wa vipande sita sijapata kuufundisha, wala sijui tungeupa jina gani.