Beki anaandikwa wapi?

Kila Jumamosi jioni, kwenye kiwanja cha vumbi hapa Ngagara, mimi ndiye nashika daftari. Nasimamia vijana wa jumuiya yetu ya wakimbizi pamoja na watoto wa majirani Warundi. Nagawa timu, napuliza filimbi, halafu naandika. Daftari lina safu mbili tu: matokeo, na majina ya waliofunga. Mechi ikiisha watoto wananizunguka kama nyuki, kila mmoja anataka kuona jina lake.

Wakati wa kugawa timu, wote wanataka kuwa mbele. Anayebaki anapelekwa nyuma, na mara nyingi anayebaki ni mgeni. Mwaka jana kulikuwa na mtoto mmoja wa miaka kama 12, aliyevuka Rusizi na mama yake mwanzo wa 2025, vita vilipofika Bukavu. Hakuwa anajua mtu. Basi akawa beki. Siku moja timu yake ilishinda 1-0, na mimi niliona kwa macho yangu mipira mitatu aliyoiondoa karibu na mstari. Baada ya mechi alikuja, akaangalia daftari, akaniuliza: "Yaya, beki anaandikwa wapi?"

Nikamwambia beki haandikwi. Akasema "sawa", akaokota kandambili zake, akaenda. Lile swali lilinikaa kifuani wiki nzima.

Wiki hiyo hiyo rafiki yangu mmoja alinitumia video. Tulikua pamoja hapa kwenye kartie, halafu familia yake ikapata nafasi ya kuhamishiwa Kanada, katika mji wa Winnipeg. Kwenye video watu wamevaa kofia ngumu, wanateleza juu ya barafu, wanagombania kitu kidogo cheusi kwa magongo. Sauti ya rafiki yangu inacheka: "Ona, huku mpira wanauchezea ndani ya friji!" Kisha akaniambia kuna wakati timu ya mji huo ilikuwa na beki anaitwa Oduya.

Nikashtuka. Oduya? Jina hilo ni la kwetu huku Afrika Mashariki. Kila nilipopata inite za kutosha kwenye simu, nilitafuta habari zake. Nilichokipata ndicho ninachowasimulia hapa.

Kwanza mchezo wenyewe, maana wengi wetu hatujawahi kugusa barafu zaidi ya ile ya kuuzia juisi. Hoki ya barafuni inachezwa na watu sita kila upande: kipa, mabeki wawili, na watatu wa mbele. Wanavaa viatu vyenye chuma chembamba chini. Hawapigi mpira wa duara, wanapiga kisahani cha mpira mgumu chenye uzito wa gramu 160 hivi, na kikipigwa kwa nguvu kinaweza kupita kilomita 150 kwa saa. Mchezo una vipindi vitatu vya dakika 20. Mchezaji hakai sana uwanjani: anateleza kwa nguvu zote chini ya dakika moja, anatoka, mwingine anaingia. Beki kazi yake ni kuzuia, na mara nyingi anazuia kwa mwili wake mwenyewe. Anapiga magoti mbele ya kisahani kile ili kisimfikie kipa.

Johnny Oduya alizaliwa Stockholm, Uswidi, tarehe 1 Oktoba 1981. Mama yake ni Mswidi, baba yake Mkenya. Kaka yake mkubwa, Fredrik, alizaliwa 1975, naye alikuwa beki wa hoki. Mwaka 1993 Fredrik alichaguliwa na timu ya San Jose, moja ya timu za NHL, ligi kubwa kuliko zote duniani, yenye timu za Marekani na Kanada. Alivuka bahari, akacheza ligi za chini huko, lakini katika NHL yenyewe hakucheza hata mechi moja.

Mdogo wake akafuata njia ile ile. Msimu wa 2000-01 Johnny alikwenda Kanada kucheza ligi ya vijana, Moncton kisha Victoriaville. Mwaka 2001 timu ya Washington ikamchagua katika zoezi la kila mwaka la kugawana vijana. Alikuwa wa 221. Fikirieni: majina 220 yameshasomwa, watu wameanza kukunja viti, ndipo linasomwa lako. Na Washington hakuchezea kamwe. Alirudi Uswidi, akacheza huko miaka mitano. NHL aliingia 2006, akiwa na miaka 25, kupitia timu ya New Jersey. Kwa mchezo ule, huo ni umri ambao wengi walioanza naye wameshakata tamaa.

Hakuwa Mweusi wa kwanza pale. Wa kwanza ni Mkanada Willie O'Ree, aliyeichezea Boston tarehe 18 Januari 1958. Lakini hata miaka karibu 50 baadaye, wachezaji wenye asili ya Afrika katika ligi ile walikuwa wa kuhesabika, na mwenye jina la Kikenya mgongoni ilikuwa lazima aulizwe ametoka wapi. Sisi swali hilo tunalijua. Tunaulizwa sokoni Cotebu, tunaulizwa shuleni, tunaulizwa ofisini, na wakati mwingine jibu moja halitoshi.

Tarehe 4 Februari 2010, New Jersey walimtaka Ilya Kovalchuk, mshambuliaji Mrusi wa timu ya Atlanta, mmoja wa wafungaji wakali wa wakati ule. Ili wampate walitoa wachezaji kadhaa, na Oduya alikuwa mmoja wao. Dunia nzima ikazungumza habari za Kovalchuk. Oduya alikuwa kama chenji inayorudi baada ya kununua kitu kikubwa. Katika ligi ile mchezaji anaweza kuambiwa asubuhi kwamba kesho ana mji mwingine, na wengi hawaulizwi wanataka au hawataki.

Mwaka 2011 jambo la ajabu zaidi likatokea: timu nzima ya Atlanta ikauzwa, ikahamishiwa Winnipeg. Mji huo ulikuwa umekaa miaka 15 bila timu ya NHL, tangu ile ya zamani iondoke 1996. Kwa hiyo Oduya alihama mji bila kubadilisha timu. Februari 2012 akabadilishwa tena, akapelekwa Chicago.

Hapa nisimame kidogo, tusidanganyane. Kuna watu wanapenda kusema maisha ya mwanamichezo anayehamahama ni kama ya mkimbizi. Hapana. Yeye alihama na mkataba, na mshahara, na paspoti ya Uswidi. Mama zetu walihama usiku wakiwa na mtoto mgongoni na sufuria kichwani. Lakini kuna kitu kimoja tunachoweza kukitazama kwake: namna ya kufika mahali usipojulikana, ukapewa kazi ambayo hakuna anayeigombania, ukaifanya vizuri mpaka watu washindwe kukuondoa.

Chicago ndipo kazi yake ilipozaa. Alipangwa na Mswidi mwenzake, Niklas Hjalmarsson, na wawili hao walipewa kazi ngumu, kuwakaba washambuliaji hatari wa timu pinzani. Mwenzao akitolewa nje kwa kosa, timu ikabaki na watu wachache, wao ndio waliingia kuziba.

Juni 2013 Chicago walifika fainali ya Kombe la Stanley dhidi ya Boston. Kombe hilo lilitolewa mwaka 1892 na Lord Stanley, gavana wa Kanada wa wakati ule, na majina ya washindi yanachongwa juu ya chuma chake. Ilikuwa mechi ya sita, tarehe 24 Juni, Boston wakiongoza 2-1. Imebaki dakika moja na sekunde 16, Bryan Bickell akasawazisha. Watu hawajakaa vizuri, Oduya akapata kisahani akiwa mbali na goli, akapiga. Kikagusa gongo la mwenzake Michael Frolik, kikagonga mwamba, kikarudi, na Dave Bolland akakisukuma ndani. Magoli mawili ndani ya sekunde 17. Chicago 3, Boston 2, kombe limekwenda.

Picha za siku ile zinamwonyesha Bolland akitupa glavu na kuruka. Lakini hapa ndipo nilipopata jibu la mtoto wetu. Hoki wanaandika zaidi ya mfungaji. Kila goli linaweza kuwa na majina matatu: aliyefunga, na wawili waliomsaidia. Goli lile limeandikwa Bolland, halafu Oduya na Frolik.

Na kuna hesabu nyingine ambayo ligi inaitunza rasmi tangu miaka ya 1960. Timu zikiwa na idadi sawa ya watu, mkifunga goli, kila aliyekuwa uwanjani anapata alama moja ya kujumlisha, hata kama hakugusa kisahani. Mkifungwa, kila aliyekuwepo anapata alama moja ya kutoa. Kwa hesabu hiyo beki anaonekana. Katika misimu 12 ya NHL Oduya alicheza mechi zaidi ya 800, na magoli yake yote hayafiki 50. Ukisoma safu ya wafungaji peke yake, utadhani hakufanya kitu.

Februari 2014 alikuwa na Uswidi kwenye Olimpiki ya Sochi. Walifika fainali, wakafungwa 3-0 na Kanada, wakarudi na medali ya fedha. Mwaka 2015 Chicago wakafika fainali tena. Njiani beki wao mmoja, Michal Rozsival, alivunjika kifundo cha mguu, na tangu hapo kocha aliwategemea karibu mabeki wanne tu: Keith, Seabrook, Hjalmarsson na Oduya. Wanne kufanya kazi ya sita. Tarehe 15 Juni waliwafunga Tampa Bay na kuchukua kombe. Jina Oduya likachongwa mara ya pili.

Kaka yake Fredrik hakuona lolote kati ya hayo. Alifariki mwaka 2011 kwa ajali ya pikipiki. Yule aliyetangulia kuvuka bahari hakufika alipotaka, na mdogo wake akafika. Katika jumuiya yetu kuna familia nyingi zinazoijua hesabu hiyo, ya mkubwa anayekwama ili wadogo wapite. Yeye naye sijui tungemwandika safu gani.

Baada ya Chicago, Oduya alikwenda Dallas, akarudi Chicago, akaenda Ottawa, akamalizia Philadelphia mwaka 2018. Akaacha.

Na msidhani barafu ni ya wazungu tu. Nairobi, kwenye hoteli ya Panari katika barabara ya Mombasa, kulifunguliwa uwanja wa barafu mwaka 2005. Vijana wa Kenya walijifunza hapo, wakaunda timu inayoitwa Ice Lions, na mwaka 2018 walisafiri hadi Toronto kucheza. Uwanja wao ni mdogo kuliko ule wa kawaida. Hawakusubiri upanuliwe.

Sisi barafu hatuna. Tuna vumbi, na goli la mawe mawili. Wazee bado wanakiita kitongoji hiki OCAF, jina la shirika la Wabelgiji lililojenga nyumba hizi miaka ya 1950, na tangu hapo watu wamekuja, wamehama, wamekuja wengine. Nani aliwahi kuandika majina ya wote waliolinda nyumba hizi, waliobeba maji, waliokaa macho usiku? Daftari langu haliwezi kuyabeba yote hayo. Lakini linaweza kuongezewa mistari.

Jumamosi iliyofuata nilichukua rula nikachora safu mbili mpya: waliosaidia, na kujumlisha na kutoa. Nikawaeleza watoto. Wa mbele walinung'unika kidogo. Yule mtoto hakusema kitu, akaenda nyuma kama kawaida.

Siku hiyo walifungwa 2-0. Baada ya mechi alikuja.

"Yaya, leo nimepata ngapi?"

"Kutoa mbili."

"Na hiyo unaiandika?"

"Naiandika. Ulikuwepo."

Akafikiri. Akaweka kidole pale jina lake linapotakiwa kukaa, akanionyesha namna ya kuliandika, maana nilikuwa nimeliandika vibaya tangu siku aliyofika.