Dhiraa nne: jinsi Wayahudi walivyopima mahali pa kumtaja Mungu

Mishna, mkusanyo wa sheria za Kiyahudi uliokamilishwa na Rabi Yehuda ha-Nasi karibu mwaka 200, inasimulia kwamba Rabban Gamaliel alikuwa akioga katika hamamu ya mji wa Akka, penye sanamu ya Aphrodite, pale mtu aitwaye Proklos alipomuuliza: imekuwaje mwalimu wa Torati aoge mbele ya mungu wa kigeni? Gamaliel alikuwa na majibu, tena zaidi ya moja. Lakini alimwambia tu kwamba hamamuni hakujibiwi swali kama hilo. Akatoka nje, ndipo akafungua kinywa. Kimya kile kifupi, kati ya maji na mlango, kinabeba sheria iliyojadiliwa kwa karne nyingi: maneno matakatifu yasemwe wapi, na wapi ulimi uzuiwe. Msomaji Mwislamu, aliyefundishwa tangu chuoni kwamba haswali msalani, hamamuni wala makaburini, ataitambua mara moja. Wengi huiona kuwa sheria ya usafi, au ya woga wa najisi. Nikiifuata historia yake, naona jambo kubwa zaidi: ilimpa mtu wa kawaida uwezo, na wajibu, wa kuliandalia neno takatifu mahali popote alipo.

Asili yake ni kambi ya jeshi. Kumbukumbu la Torati, sura ya 23, inawaagiza askari wa Israeli watenge mahali pa haja nje ya kambi, na kila mmoja awe na kifaa cha kuchimbia pamoja na silaha zake ili afukie kinyesi chake, kwa sababu Mungu anatembea kambini. Mwanahistoria Josephus, wa karne ya 1, anaeleza jinsi Waesene, madhehebu ya Kiyahudi, walivyolishika agizo hilo: kila mmoja alichimba kwa kishoka shimo la kina cha futi moja, akajifunika joho, kisha akarudishia udongo. Siku hizo Hekalu la Jerusalem lilikuwa bado limesimama, na utakatifu ulikuwa na kwao: kuta, nyua, makuhani. Mwaka 70 Warumi wakaliteketeza. Sala ikabaki mikononi mwa kila mtu, asubuhi na jioni, shambani, sokoni na safarini. Marabi wakalishika agizo lile la kambi na kulifanya sheria ya ulimi: ikiwa Mungu hutajwa popote, basi popote pawe kambi yake.

Ndipo vipimo vikaja. Mishna inamtaka anayesoma Shema, ungamo la imani la kila siku, akae mbali na kinyesi kwa dhiraa nne, yaani kama mita 2. Talmudi ya Babeli, mkusanyo wa mijadala ya marabi juu ya Mishna, ikafafanua: hizo ni kwa kilicho nyuma yake, kilicho mbele lazima kimpotee machoni. Mkojo ukimiminiwa maji kiasi, hauzuii tena. Aliyeshuka majini kujitakasa alfajiri, na jua liko karibu kuchomoza, ajifunike kwa maji hayohayo na asome, mradi yasiwe ya uvundo. Hamamu nayo iligawanywa sehemu tatu: watu walipovaa nguo, sala ruksa, walipochanganyika waliovaa na walio uchi, salamu tu, walipo uchi wote, hata salamu hapana, kwa kuwa shalom, amani, ni mojawapo ya majina ya Mungu. Tazama jinsi masharti haya yalivyo nafuu. Udongo kidogo, maji kidogo, hatua tatu nne. Hakuna linalodai kuhani wala jengo, na mchuuzi wa njiani anaweza kuyatimiza sawasawa na tajiri.

Atasema mtu: hizi si kanuni za afya zilizovishwa joho la dini? Zingekuwa hivyo, Talmudi isingehangaika na kioo. Kinyesi kilicho ndani ya kioo, ingawa kinaonekana, hakizuii Shema, kwa kuwa Torati iliagiza kifunikwe, nacho kimefunikwa. Uchi ulio nyuma ya kioo unazuia, kwa kuwa katika uchi lililokatazwa ni kuonekana. Tena sheria inakataza kusoma Shema ndani ya dhiraa nne za maiti, kwa sababu marehemu hawezi tena kutimiza amri, na kusali ubavuni pake ni kama kumsimanga fukara kwa asichonacho. Hapo hapana habari ya vijidudu. Pana heshima na huruma.

Pingamizi zito zaidi ni choo cha zamani. Talmudi inafundisha kwamba mtu asisome Shema akikielekea, hata kikiwa kimeondolewa uchafu wote. Je, si mahali penyewe palipolaaniwa? Hasha, maana choo kipya ambacho hakijatumiwa hakina ukali huo. Ni matumizi ya watu, siku baada ya siku, yaliyokipa cha zamani jina lake. Na vyoo vya Waajemi, ambavyo uchafu wake uliporomoka mbali mara moja, Talmudi ilivihesabu kama vilivyozibwa. Vyoo vya kuvuta maji vilipoenea, marabi wa karne ya 20 waliurudia mfano huo wa Waajemi na kuupima upya.

Wengine watalalamika kwamba vipimo humfanya mtu ahesabu badala ya kuomba, tena vimejaa chuki ya mwili. Lakini katika Talmudi, Rav Huna aliporuhusu mtu kupita kichochoro kichafu akisoma Shema huku kaziba mdomo kwa mkono, Rav Hisda alikataa kwa kiapo, na Maimonides, mwanasheria wa Kiyahudi wa karne ya 12, akaamua msomaji anyamaze hadi apite. Kusubiri huko ni sehemu ya ibada. Kuhusu mwili, kinyesi cha mtoto mchanga hakizuii sala mpaka aanze kula nafaka, na atokaye msalani husoma baraka ya kumshukuru Mungu aliyemuumba mwanadamu na matundu yake kwa hekima.

Tumrudie Gamaliel nje ya hamamu. Mojawapo ya majibu yake lilikuwa hili: sanamu ile imesimama penye mfereji, na kila mtu hukojoa mbele yake, anayetendewa hivyo si mungu. Kipimo kilichomvua Aphrodite uungu wake ndicho kilichomzuia Gamaliel asiitaje Torati pale: watu hufanya nini mahali hapa?