Miiko na Matangazo: Mipango Miwili ya Kuzuia Rushwa katika Utumishi wa Umma

Je, mtumishi wa serikali aweza kufanya biashara yake mwenyewe bila ya kuidhulumu kazi ya umma? Swali hili liliulizwa Tanzania na Kenya katika muda wa miaka minne tu, baina ya 1967 na 1971, nalo likajibiwa kinyume huku na huku. Makala haya hayakusudii kupima siasa za nchi hizi mbili. Kazi hiyo imefanywa na wengi. Tunalokusudia ni kuitazama mipango yenyewe, na hasa maneno iliyoyatumia, kwani yamkini msamiati wa mpango hufichua mapema mahali utakapokatikia.

Yafaa tuanze na neno hongo. Katika karne ya 19 hongo haikuwa jambo la kuonewa haya. Misafara iliyotoka pwani kwenda bara ilitoa hongo kwa watemi wa njiani, hasa Ugogo, ambako maji yalikuwa haba. Nguo na shanga zilihesabiwa mbele ya watu, pande mbili zikabishana, pengine kwa siku kadhaa, na mwishowe msafara ukapata ruhusa ya njia na ya maji. Ulikuwa ushuru. Leo hongo ni ile itolewayo kwa kificho, tena kwa mtu ambaye tayari analipwa mshahara kwa kazi iyo hiyo. Kilichobadilika, basi, si kutoa wala kupokea. Ni kuondoka hadharani. Jambo hili tutalirejea.

Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Arusha mwishoni mwa Januari 1967, na Azimio likatangazwa tarehe 5 Februari. Sehemu yake ya tano ndiyo ituhusuyo hapa. Kiongozi wa chama au wa serikali alitakiwa awe mkulima au mfanyakazi. Asiwe na hisa katika kampuni yoyote. Asiwe mkurugenzi katika kampuni ya kibepari. Asipokee mishahara miwili au zaidi. Asiwe na nyumba za kupangisha. Neno kiongozi lilipanuliwa likawakumba watumishi wa serikali wa vyeo vya kati na vya juu, na likamhesabu mtu pamoja na mkewe, au mwanamke pamoja na mumewe. Masharti hayo yakajulikana kwa jina la miiko ya uongozi.

Jina hilo lilichaguliwa kwa ustadi. Mganga humpa mgonjwa dawa pamoja na miiko yake, na akila kilichokatazwa dawa haifanyi kazi. (Kwamba mwiko ni pia chombo cha kusongea ugali ni mzaha ambao wanafunzi wetu hawauachi, nasi tutauacha.) Lakini nguvu ya mwiko haitokani na hakimu wala askari. Hutokana na imani kwamba mvunjaji atadhurika mwenyewe. Kiongozi mwenye nyumba ya kupangisha hakudhurika. Alipata kodi kila mwezi. Wala si kila aliyelalamika alikuwa bepari. Bibi Titi Mohamed hakulikubali sharti la nyumba, akaacha uongozi wake katika chama mwaka uo huo. Kwa maoni yetu pingamizi lake lilistahili kusikilizwa zaidi ya lilivyosikilizwa, maana katika miji ya pwani nyumba aghalabu ndiyo akiba ya mwanamke, na waandishi wa miiko hawakutofautisha akiba na unyonyaji.

Kenya ilipita njia nyingine. Tume iliyoongozwa na Duncan Ndegwa, aliyekuwa wakati huo Gavana wa Benki Kuu, ilitoa ripoti yake mwaka 1971 juu ya muundo na mishahara ya utumishi wa umma. Tume haikuona ubaya wa mtumishi kumiliki mali au kushiriki biashara, mradi maslahi yake yasigongane na kazi yake. Mara nyingi ripoti hii hulaumiwa kana kwamba iliacha mlango wazi tu. Si haki kusema hivyo. Ndegwa na wenzake waliweka masharti, na kadhalika walipendekeza pawe na afisa maalumu wa kupokea malalamiko ya wananchi dhidi ya serikali. Tanzania ilikwisha kuwa na chombo cha namna hiyo, Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, tangu 1966. Serikali ya Kenya ilichukua ruhusa ikaacha kizuizi. Kamati ya Waruhiu, iliyotoa ripoti yake mwaka 1980, ilikuta watumishi walioacha kazi za ofisi wakashughulikia biashara zao.

Kuna tofauti nyingine ambayo wanahistoria wa utawala huipita haraka, nayo ndiyo inayotupa sisi wanalugha haki ya kusema. Azimio liliandikwa kwa Kiswahili. Balozi wa nyumba kumi aliweza kulisoma na kumwuliza mkubwa wake juu ya nyumba yake. Ripoti ya Ndegwa iliandikwa kwa Kiingereza, wakati ambapo hata Bunge la Kenya lilikuwa halijaanza kutumia Kiswahili, jambo lililokuja mwaka 1974. Masharti yake hayakuwa na mdai, kwa kuwa wengi wa wale waliodhulumiwa hawakuyajua.

Hata hivyo Kiswahili peke yake hakikuiokoa miiko. Tanzania ilitunga Sheria ya Kuzuia Rushwa mwaka 1971 na kuunda kikosi cha kuisimamia mwaka 1975. Miiko yenyewe ililegezwa na CCM katika kikao cha Zanzibar cha Februari 1991, na mwaka 1995 Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ikaleta utaratibu wa kutoa tamko la mali. Tume ya Warioba ya 1996 ilitenga rushwa ya mwenye kipato duni na ile ya mkubwa mwenye tamaa, utengano wenye manufaa ambao wapangaji wa nchi nyingi wameukosa. Miaka minne baadaye lugha ikatumika kuhalalisha: marekebisho ya sheria ya uchaguzi ya mwaka 2000 yaliiruhusu zawadi ya mgombea kwa jina la takrima, hadi Mahakama Kuu ilipoibatilisha Aprili 2006.

Ama Kenya, chombo cha kupambana na ufisadi kilichoundwa 1997 kilivunjwa na uamuzi wa Mahakama Kuu wa Desemba 2000, kwamba kuwepo kwake kulikiuka katiba. Kingine kikaundwa 2003, na cha sasa 2011 chini ya Katiba ya 2010. Mwaka uo huo wa 2011 ikaanzishwa tume ya kikatiba ya kushughulikia malalamiko dhidi ya utawala, yaani miaka 40 baada ya pendekezo la Ndegwa.

Mwaka 2003 pia ilitungwa Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma, iliyowalazimu watumishi kutangaza mapato, mali na madeni yao. Kutangaza, kwa Mswahili, ni kusimama penye watu na mbiu ikalia. Kwa sheria hiyo kama ilivyotungwa, tangazo lilijazwa katika fomu, likapelekwa kwa tume ya utumishi inayohusika, na yaliyomo yakawa siri.